Mtoto Hana Jana ya Kurudia

Kiharusi tumekizoea kama ugonjwa wa wazee. Tunakijua kwa babu aliyeamka alfajiri akashindwa kufunga kikoi chake, kwa shangazi mwenye presha aliyeanguka akitoka bafuni, kwa jirani anayeburuta mguu tangu mwaka juzi. Kwa watu hao tuna taratibu tayari: nani alale naye, nani amkande, nani afuatilie pensheni. Lakini kikimpiga mtoto wa miaka mitano, nyumba nzima hupigwa na bumbuwazi. Jana alilala mzima. Leo ameamka mdomo umekwenda upande, kijiko kinamponyoka, mkono wa kulia unaning'inia tu. Kwa kuwa hakuna anayefikiria kiharusi, kila mtu huazima maelezo aliyo nayo karibu. Ameulalia mkono. Ni degedege. Alipita njia panda saa saba mchana, kakumbwa. Kuna mtu ana lake jambo na nyumba hii. Huitwa mganga, huletwa mafuta, na saa ambazo daktari angezihitaji kuliko kitu chochote zinapita.

Siyacheki maelezo hayo. Yanajaribu kujibu swali ambalo hata hospitali hulipita haraka: kwa nini huyu, na kwa nini katika umri huu? Majibu ya tiba ni mengi. Kuna moyo uliozaliwa na kasoro. Kuna homa ya uti wa mgongo, kuna malaria iliyopanda kichwani, kuna virusi vya UKIMWI vinavyoharibu mishipa. Kuna kiharusi kinachotokea mtoto akiwa tumboni au katika siku za kuzaliwa, ambacho hakuna anayekiona mpaka miezi ipite na kichanga kianze kupendelea mkono mmoja. Wazazi hufurahi: "Huyu atakuwa wa shoto kama mjomba wake." Kumbe mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatarajiwi kuwa na mkono anaoupenda. Akiwa nao mapema hivyo, ni vizuri kuuchunguza ule asioupenda. Lakini kwetu Tanzania, hasa ukanda wa Ziwa na Pwani, wa kwanza kushukiwa ni selimundu.

Inakadiriwa kwamba kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania, idadi inayoiweka nchi yetu kwenye safu ya mbele duniani, nyuma ya mataifa makubwa kama Nigeria, India na Kongo. Wengi wanaufahamu ugonjwa huu kwa maumivu ya mifupa, macho ya njano na kuongezewa damu kila mara. Wachache wanajua kwamba unafika kichwani. Chembe nyekundu zinazopinda na kuwa ngumu hukwaruza kuta za mishipa mikubwa inayolisha ubongo, na mishipa hiyo husinyaa polepole, miaka kadhaa, bila mtoto kulalamika. Siku moja njia inaziba. Kabla kinga haijajulikana, Marekani iliona takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye aina kali ya selimundu akipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miaka kumi ya kwanza ya maisha.

Kuhusu shaka ya mkono wa mtu, kwamba mtoto amerogwa, jibu lilipatikana zamani kidogo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe ya urithi ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana imedumu kwetu: iliwaokoa mababu zetu waliokaa kando ya maziwa na mabonde yenye mbu. Gharama ya kinga hiyo inamwangukia mtoto anayeirithi kwa baba na kwa mama, na wazazi wawili wenye chembe moja moja wana nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa kila mimba inapotungwa. Hakuna aliyeroga. Mama hakukosea kitu alipokuwa mjamzito. Inafaa hilo lisemwe kwa sauti, tena mbele ya wakwe, kwa sababu mama anayelaumiwa nyumbani hawezi kuwa na nguvu za kumfanyisha mtoto mazoezi.

Na mazoezi yenyewe si mwanzo. Mtoto wa selimundu aliyepata kiharusi akaachwa bila kinga ana uwezekano wa nusu au zaidi wa kupata kingine, mara nyingi ndani ya miaka miwili mitatu. Mama anaweza kupanda daladala kila wiki, fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaunyoosha mkono ule kwa subira, mtoto akaanza kushika kikombe, kisha asubuhi moja kila kilichopatikana kikafutwa pamoja na upande wa pili. Huduma za utengamao kwa mtoto huyu huanzia kwenye damu yake.

Ujuzi wa kinga upo. Robert Adams na wenzake, waliokuwa Georgia, Marekani, waligundua kwamba mshipa unaosinyaa husukuma damu kwa kasi, kama ambavyo ungetarajia, na kasi hiyo inaweza kupimwa kwa mawimbi ya sauti yanayopitishwa pembeni mwa paji la uso. Hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Kasi ikizidi sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Mwaka 1998 walichapisha matokeo yaliyobadilisha kila kitu: watoto wa aina hiyo wakiongezewa damu kwa ratiba, hatari ya kiharusi cha kwanza inashuka kwa asilimia 92. Kwetu damu ya kila mwezi, mwaka hadi mwaka, ni ndoto kwa familia nyingi, kwa hiyo macho yaligeukia kidonge cha haidroksiyurea. Pale hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti waliwapima watoto kwa mashine hiyo na kuwaanzishia dawa waliokuwa na kasi ya kutia shaka. Kasi ilishuka. Muhimbili nako, tangu mpango wa selimundu ulipoanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, maelfu ya wagonjwa wamefuatiliwa, na tumeacha kuzungumzia ugonjwa huu kana kwamba ni hukumu ya kifo cha utotoni. Tunachopungukiwa ni mashine, dawa na watu wa kuvifikisha hadi wilayani.

Sasa tuseme damu imetulia, dawa imeanza, na mtoto amerudi nyumbani. Hapo ndipo linaulizwa swali ambalo naona linaulizwa vibaya: "Atarudi kama zamani?"

Mtu mzima aliyepigwa na kiharusi ana zamani. Fundi cherehani anataka kurudi kwenye cherehani yake. Mwalimu anataka kushika tena chaki, na muuza samaki anataka sauti yake ya kunadi. Kila mmoja ana kipimo cha kupona kwake, na kipimo hicho kiko nyuma: ni yule mtu aliyekuwa siku moja kabla. Mtoto wa miaka mitano hajawahi kufunga kamba za viatu. Hajaandika insha, hajapanda baiskeli, hajakuna nazi, hajahesabu chenji dukani. Karibu kila kitu anachokihitaji maishani hakipo katika siku zilizopita. Hana jana ya kutosha ya kurudia. Ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kurudisha kidogo alichokuwa nacho, na kujifunza kila kilichobaki kwa kutumia ubongo uliojeruhiwa.

Kwa muda mrefu madaktari walijifariji, na kutufariji, kwamba mtoto hupona vizuri kuliko mkubwa. Katika miaka ya 1930 Margaret Kennard, kule Yale, aliona kwamba tumbili waliojeruhiwa ubongo wakiwa wachanga walitembea vizuri kuliko waliojeruhiwa wakiwa wakubwa, na imani hiyo ikaenea: ubongo mchanga ni laini, utajipanga upya. Kuna ukweli ndani yake, tena ukweli wa kushangaza. Elissa Newport wa Chuo Kikuu cha Georgetown na wenzake wamechunguza vijana waliopata kiharusi kikubwa cha upande wa kushoto wa ubongo wakati wa kuzaliwa. Huo ndio upande ambao kwa watu wengi hubeba lugha, na mzee akiupoteza huenda asiseme tena. Vijana hawa wanazungumza. Lugha yao ilihamia upande wa kulia, ikakaa katika maeneo yanayolingana na yale iliyoyakosa.

Ajabu nyingine iko mikononi. Mwambie mtoto aliyepata kiharusi tumboni afumbe na kufumbua ngumi ya mkono wake mzima, na huenda ukaona vidole vya mkono dhaifu vikifuata vyenyewe, polepole. Tunapozaliwa, kila upande wa ubongo una nyuzi zinazokwenda kwenye mikono yote miwili, kisha miezi inavyokwenda, nyuzi za upande ule ule hupungua na zile zinazovuka kwenda upande wa pili hushinda. Upande mmoja ukijeruhiwa mapema, ule mzima hubaki na nyuzi za mikono yote miwili. Ubongo umeshika usukani wa mikono miwili kwa nusu moja, na ndiyo maana amri ya mkono mmoja inasikika mpaka kwenye mwingine.

Lakini kuhama kuna bei. Nafasi iliyochukuliwa na lugha ilikuwa ya kazi nyingine, na mara nyingine ni hizo zinazobanwa: kukisia umbali, kupanga maumbo, kusoma ramani. Tena ubongo wa mtoto haujamaliza kujengwa. Sehemu za mbele, zinazotuwezesha kupanga mambo, kusubiri na kushika mambo matatu kichwani kwa pamoja, hukomaa mpaka ujanani. Jeraha la miaka mitano linaweza kukaa kimya mpaka siku sehemu hiyo itakapodaiwa kazi yake. Ukikata mizizi ya mche, majani hayatakuambia leo. Utajua msimu wa kuzaa. Mtoto aliyeruhusiwa hospitali akitembea, watu wakashukuru na kupiga vigelegele, anaweza kufika darasa la nne akaanza kupotea. Hesabu ya hatua moja anaiweza, ya hatua tatu inamkimbia. Anasoma aya nzima bila kukosea neno, ukimuuliza imesema nini hajui. Mwalimu anasema amekuwa mvivu. Hakuna anayekumbuka kiharusi, maana mguu umepona.

Na wapo ambao hakuna aliyewahi kuona kitu cha kukumbuka. Selimundu huleta viharusi vya kimya: vidonda vidogo vya ubongo visivyolegeza mkono wala kupindisha mdomo, vinavyoonekana kwenye picha ya MRI peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Michael DeBaun na wenzake ulionyesha kwamba kuongezewa damu kwa ratiba hupunguza kutokea kwa vipya. Katika shule yoyote ya kanda yenye selimundu nyingi, kati ya watoto wanaochapwa kwa kusahau, pengine yupo mmoja anayechapwa kwa jeraha.

Turudi kwenye mkono, kwa sababu ndipo utaratibu wa nyumba zetu na elimu ya ubongo vinapokutana, mara vikasaidiana, mara vikagongana.

Mwanasaikolojia Edward Taub aliwachunguza tumbili waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Mkono ule haukuwa umekufa, ulikuwa na uwezo wa kusogea, lakini tumbili hakuutumia kamwe. Kila alipojaribu mwanzoni alishindwa, na kila alipotumia mwingine alifaulu, somo likaingia. Taub alipoufunga mkono mzima, ule uliotupwa ulianza kufanya kazi. Baadaye, Birmingham kule Alabama, yeye na wenzake walitengeneza tiba kwa watu waliopata kiharusi, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo kwa watoto: mkono mzima unawekwa ndani ya kifungio kwa wiki chache, na mkono dhaifu unapewa kazi nyingi ndogo ndogo, saa kadhaa kwa siku, moja baada ya nyingine, kwa mchezo na sifa. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi, maana huenda hajauacha mkono wake. Huenda hajawahi kujua kwamba anao.

Sasa fikiria mtoto huyo akiwa nyumba ya Tanga, Kilwa au Unguja, mkono uliolegea ukiwa wa kulia. Sinia linawekwa katikati. Anyooshe kushoto? Mgeni ametoa zawadi. Aipokee kwa kushoto? Bibi amenyoosha mkono wa salamu. Kila siku, mara nyingi kwa siku, adabu inamwomba mkono ule ule ambao kiharusi kimeuchukua. Wanazuoni wa dini hawana shida naye: mwenye udhuru hana lawama. Shida iko kwenye macho yanayozunguka sinia. "Tumia mkono wa kulia!" anaambiwa na shangazi asiyejua, na mtoto anajifunza njia ya tatu, nayo ni kula peke yake jikoni.

Ajabu ni kwamba amri ya shangazi na tiba ya Alabama zinasema maneno yanayofanana. Zote zinataka mkono wa kulia utoke. Kinachozitofautisha ni kinachompata mtoto baada ya kushindwa. Mbele ya wageni, kushindwa ni aibu, na aibu huurudisha mkono mfukoni, chini ya kanga, nyuma ya mgongo. Kwenye mchezo, kushindwa ni zamu iliyoisha; zamu nyingine inakuja. Tumbili wa Taub alijifunza kuuacha mkono kwa sababu hiyo hiyo: aliadhibiwa na kushindwa kwake. Kwa hiyo nyumba inayotaka mkono urudi inatakiwa kwanza iondoe adhabu. Mtoto ale kwa kushoto mbele ya watu bila kusemwa, na mkono wa kulia upewe nafasi yake saa nyingine, mahali pasipo na wageni, katika jambo analolipenda.

Mambo hayo tunayo tele. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Andrew Gordon akiwa miongoni mwao, wameendeleza mazoezi ya mikono miwili kwa pamoja, kwa hoja kwamba maisha yenyewe yanadai mikono miwili: mmoja unashika, mwingine unatenda. Ukisoma orodha ya michezo yao, unaona mama wa kwetu hahitaji kununua kitu. Kukuna nazi ni kazi ya mikono miwili, na mkono dhaifu unaweza kuanza kwa kutuliza tu kifuu huku mwingine ukizungusha. Kupepeta mchele kwa ungo hakuwezekani kwa mkono mmoja. Kusuka ukili, kusukuma chapati, kumenya chungwa, kukamua nguo, kupokea mpira wa makaratasi: kila moja ina sehemu nyepesi na sehemu ngumu, na mtoto anaanzishiwa nyepesi. Hata bao linafaa. Mwache achukue kete kwa mkono dhaifu, kete moja moja, na mpinzani wake asubiri bila kumhurumia.

Neno hilo la huruma linahitaji kuangaliwa, kwa sababu adui mkubwa wa mkono ule huenda ni mtu ampendaye mtoto kuliko wote. "Mwacheni mjukuu wangu, anaumwa," bibi anasema, na anamlisha, anamvisha, anambeba mgongoni mpaka umri wa kubebwa unapita. Kila tonge linaloingizwa mdomoni mwake ni zoezi lililoibwa. Sisemi bibi amwache. Nasema amsubiri. Mtoto atachukua muda mrefu kufunga kifungo cha shati, naye bibi akae pale, mikono yake ikiwa mapajani, amsimulie hadithi mpaka kifungo kiingie. Kusubiri kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvisha.

Kukanda nako tukuweke mahali pake. Maji ya moto na mafuta hulegeza misuli iliyokaza, huondoa maumivu, na mguso wa mama ni dawa ya aina yake. Lakini ubongo hujifunza kwa kile mtoto anachokifanya mwenyewe. Mkono unaosogezwa na mtu mwingine haujajifunza kwenda. Akandwe, kisha mara tu misuli ikishalegea, apewe kitu cha kushika.

Kuna hesabu inayoonyesha kwa nini nyumba ina uzito huu. Mtoto anayekuwa macho saa 13 kwa siku ana saa 91 za kujifunza kwa wiki. Familia yenye bahati, inayoishi karibu na hospitali yenye huduma, humpata fizio kwa nusu saa au saa moja kati ya hizo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia, wa tiba kwa vitendo na wa viungo saidizi, na Dar es Salaam kuna vituo kama CCBRT vinavyopokea watoto wenye ulemavu. Lakini wilaya ni nyingi na wataalamu ni wachache, na wa tiba ya usemi ni adimu kuliko wote. Hata wangekuwa wengi, zingebaki saa 90. Fizio mzuri anajua hivyo. Hatumii nusu saa yake yote kuunyoosha mkono. Anatumia sehemu kubwa kumuuliza mama: nyumbani mnapika nini, anacheza na nani, maji mnachota wapi, akilala analala upande gani? Kisha anarudisha mazoezi ndani ya majibu hayo. Mama anayetoka kliniki na kazi moja aliyoielewa, inayoingia katika siku yake bila kumwongezea mzigo, amepata zaidi ya yule aliyetoka na karatasi ya mazoezi kumi.

Na tusimwache mama peke yake. Nauli, kibarua kilichokosa siku, wadogo walioachwa kwa jirani: haya ndiyo yanayokatisha mahudhurio, na mtu asiyeyajua humwita mzazi mzembe. Baba anayempeleka mtoto mara moja anajifunza jambo ambalo masimulizi ya jioni hayawezi kumfundisha. Ndugu zake mtoto ndio walimu wasiochoka. Mtoto atakataa zoezi la mtaalamu, lakini wenzake wakimwita golini kwenye chandimu, mikono yote miwili itanyooka bila kuombwa.

Peter Rosenbaum na Jan Willem Gorter, wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, waliandika mwaka 2012 kwamba mtoto mwenye ulemavu aangaliwe kwa mambo sita: anachoweza kufanya, familia yake, siha yake, raha yake, marafiki zake na kesho yake. Kunyooka kwa mkono hakumo kama lengo. Wanauliza mkono unamfikisha wapi. Kwa mtazamo huo, msichana anayechuchumaa kusuka ukili na wenzake, vidole vyake vikiwa vimepinda na msuko wake haujanyooka, ameendelea kuliko yule ambaye vidole vimenyooka lakini hana wa kukaa naye.

Hapo ndipo shule inapoingia, maana marafiki na kesho viko huko. Mwalimu anayejua kwamba mtoto huyu alipata kiharusi hahitaji mitambo. Amkalishe upande ambao mkono wake mzima hautagongana na wa jirani. Ampe swali moja moja badala ya ubao mzima. Ajue kwamba ubongo uliojeruhiwa huchoka mapema, na kwamba usingizi wa saa sita mchana si dharau. Asimwadhibu kwa mwandiko. Amwachie maji ya kunywa kila wakati, kwa sababu selimundu haipendi kiu. Na alama zikianza kushuka, asihitimishe kwamba akili yake imeishia hapo. Awaite wazazi na kuwaambia warudi hospitali.

Ndiyo maana nasema swali la kurudi kama zamani tuliache. Linampima mtoto kwa mtu ambaye hakuwa amekwisha kuwa, na linatupa ruhusa ya kuacha kufuatilia siku anapoanza kutembea. Kiharusi cha mtoto hakina siku ya kufunga faili. Kinadai maswali mapya kila umri, na maswali hayo yana wenyewe. La daktari ni hili: kasi ya damu kichwani mwake imepimwa lini mara ya mwisho, na dawa ya kuzuia kingine anaipata? La fizio: ni kazi gani moja ya nyumbani itafundisha mkono huu mwezi huu? La mwalimu: ni jambo gani aliloweza muhula uliopita sasa linamshinda, na lipi lililomshinda sasa analiweza? La mzazi ni jepesi kuliko yote na linaweza kuulizwa jioni yoyote: leo amefanya nini mwenyewe ambacho mwezi uliopita tulimfanyia? Likipata jibu, hata dogo, mtoto anakwenda. Likikosa jibu miezi kadhaa mfululizo, kabla hatujamtazama mtoto, tuangalie kwanza sisi tumempa nafasi ya kufanya nini.